Mke Mwenza wa Mama

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, penye dirisha lisilofunga.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo wote, walio karibu na walio mbali, kwamba pete imekwama. Usishtuke, hakuna aliyeoa. Nasema ile pete ya chuma niliyochongewa na fundi ili lenzi ndefu ya marehemu baba ikae kwenye kamera aliyoniachia shemeji. Kuingia iliingia kwa mbinde, kutoka imekataa katakata. Lenzi na kamera sasa ni mwili mmoja, na shemeji akiitaka kamera yake itabidi aipokee na mke.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani, dada yangu? Mgongo umepoa? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi huku tu wazima, kama unavyoweza kusema uzima katika nyumba ambayo kiti kimoja hakikaliwi na hakuna anayesema kwa nini. Watu wametawanyika, viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe. Wifi yako amefua mapazia yote, hata yaliyokuwa safi.

Kwenye simu uliniomba vitu viwili. Cha kwanza miwani ya mama, ile ambayo bila yake alikuwa akilisalimia koti la baba pale mlangoni na kuliuliza habari za safari. Hiyo utaipata. Nadhani imo kwenye mfuko tuliopewa hospitalini, ambao bado sijapata ubavu wa kuufungua.

Cha pili ilikuwa ile picha, na hapo nikajifanya mtandao unakatika. Haukukatika. Hukuwahi kuja kumwona, wala kumzika, ukaniomba angalau uso wake wa siku za mwisho, nami nikakuahidi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwenye karatasi mtandao haukatiki.

Wodi yake ilikuwa ya wagonjwa wa kifua, haiingii mgeni. Ndugu tulisimama uani, nyuma ya uzio, karibu na kamba za kuanikia mashuka, na wagonjwa wakasogezwa dirishani ghorofa ya juu. Kwenye simu yangu mama alitoka kama punje ya mchele. Ndipo nikalikumbuka bomba la baba, hiyo lenzi ndefu aliyopigia picha za mpira miaka yote. Unakumbuka mama alivyoliita: mke mwenzangu. Baba akiketi kulifuta kwa kitambaa laini, mama alipita na ndoo yake akisema mwenzake anaogeshwa, yeye hata maji ya kunawa hajatengewa.

Sasa ndoa yenyewe. Lenzi ile ni ya zama zile za kujilenga yenyewe kwa mota. Ukiitoa kwenye kamera yake, inakuwa kama bwana mkubwa aliyeachwa na dereva. Sehemu ya kuzungusha ni nyembamba na imelegea, maana haikutengenezewa vidole vya mtu. Kamera ya shemeji nayo ina maringo yake. Hutazami kupitia lenzi, unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, unaona picha mbili za kitu kimoja, na unazungusha mpaka zioane na kuwa moja.

Nilipochungulia nikakuta zimeshaoana, hata sijagusa kitu. Nikajisemea, ndoa ya heri hii. Nikapiga nyingi. Kwenye kioo kidogo cha nyuma, na jua lile, zilionekana safi. Tulipozifungua kwenye kompyuta ya fundi, mama alikuwa ukungu mtupu. Mashuka ya kwenye kamba, hayo yalitoka vizuri ajabu. Ukitaka viraka vyake nitakutumia.

Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Koleo kwa ajili ya vidole vyake, alicheka, kisha akaniona uso akaacha. Akanieleza kwamba pete aliyonichongea ni bubu. Hata nikizungusha lenzi mpaka kesho, haipeleki habari yoyote kwenye kidirisha. Kile kidirisha kilikuwa kikiniambia mambo shwari kwa sababu hakikujua lolote. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema mimi niliomba iingie, sikusema kama nataka na kuona.

Basi nikajifunza kwa kukisia. Nilimsimamisha wifi yako nyuma ya nyumba, umbali kama wa uzio na lile dirisha, nikapiga, nikasogeza kidogo kama unywele, nikapiga tena, mpaka nyusi zake zikahesabika. Nikatia alama kwenye lenzi kwa rangi yake ya kucha. Alinung'unika, halafu akaifuta na kuichora upya mwenyewe, eti yangu ilikuwa pana.

Mara iliyofuata nilifika nimekamilika. Mama akasogezwa dirishani, kichwani kile kitambaa cha buluu ulichomtumia. Nikaweka lenzi kwenye alama, nikaiegemeza uzioni, nikabana pumzi. Mama hakutulia. Aligeukia ndani, akasema jambo, akanigeukia tena, akageuka. Nikangoja. Mara nesi akateremka, akaja mpaka uzioni, akaniuliza taratibu kama baba yetu alikuwa na wake wawili. Nikamwambia hapana, kwani vipi.

"Mama yako amenituma," akasema. "Anasema, mwambie amwondoe mke mwenzangu usoni, nimwone mwanangu."

Nikashusha, dada. Nikaiweka kamera chini kabisa, kwenye majani. Nikanyoosha shati, nikasimama wima kana kwamba mimi ndiye wa kupigwa picha. Mama akaegemea kioo, akanitazama kwa makini, vile vile alivyokuwa akitukagua kabla ya kwenda shule. Kisha akainua mkono. Nami nikainua wangu. Nikasema moyoni, siku nyingine nitapiga. Siku nyingine haikufika.

Kwa hiyo picha haipo. Nimekuwekea humu moja ya zile za ukungu. Ukiishika mbali kidogo na kukunja macho, ni yeye, hasa anavyoinamisha kichwa. Asiyemjua usimwonyeshe, ataona pazia. Nami nimebaki na kitu kimoja cha kujiliwaza, na nakigawa nawe: uso wake sikuupata, ila yeye wangu aliupata. Aliondoka amemwona walau mtoto mmoja, na amemwona vizuri.

Nisalimie shemeji, mwambie kamera haina mkwaruzo. Wapwa zangu wabusu. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamuulizia shangazi yao. Baba mdogo naye anakusalimu. Hukaa kibarazani siku hizi akisema anapunga upepo, hata upepo usipokuwepo. Mola akufunike huko uliko, akupe usingizi, na siku moja akurudishe mlango huu huu.

Wako akupendaye, sasa kwa niaba ya wote waliokupenda,
Kitindamimba.

Nimeufungua mfuko. Miwani haimo. Wifi yako ameipata juu ya friji, ndani ya mkebe wake. Haikuwahi kutoka nyumbani.