Safari ya Watu Wawili

Baba Wambui mpendwa,

Neno hilo "mpendwa" nimeliandika nikiwa na hasira, na sitalifuta. Yote mawili ni ya kweli.

Najua utashangaa kuiona barua hii kwenye kundi la simu la ukoo wako, mbele ya ndugu zako, wapwa wako na wake zao. Ningependa kukuandikia wewe pekee. Lakini tangu uondoke hapa Huruma ukaenda kukaa kijijini kwenu Kangema, kila nikikupigia unaweka simu kwenye spika. Nakusalimia wewe, ananijibu ndugu yako Gathogo, ambaye siku hizi naye yuko huko. Nakuuliza kama mgongo bado unauma, shangazi yako ananieleza dawa unayopakwa. Nikikutumia ujumbe unasema maandishi madogo yanakusumbua macho, kwa hivyo Gathogo anakusomea. Basi kwa kuwa wewe ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe mbele ya watu, leo nimekuletea hasira yangu mbele ya watu. Wakae vizuri wasikilize.

Uliponioa ulinileta kwenye chumba kimoja hapa Huruma, na wiki ya kwanza haijaisha Gathogo akaja kutafuta kazi mjini, akalala upande wa pili wa pazia. Mimi na wewe tukawa tunanong'ona kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Alipopata kazi na kuhamia mtaa wa Tassia, akaja mpwa wako aliyekuwa chuoni. Huyo alipomaliza, dada yangu akaleta mimba yake na machozi yake. Halafu wakaja watoto wetu, halafu watoto wa watu. Tulihama kutoka chumba kimoja hadi viwili, na kile cha pili kikajaa kabla hatujapachika mapazia. Nimewapikia wote, wengi wao nimewashonea sare za shule kwa cherehani yangu, na simjutii hata mmoja. Ninachosema ni kwamba katika miaka zaidi ya thelathini ya ndoa, mimi na wewe hatujawahi kuishi kwenye nyumba tukiwa wawili tu.

Mahali petu palikuwa juu ya paa. Jumapili alasiri nikipanda kuanika nguo, ulikuwa unanifuata na vibanio mfukoni, ukijifanya unasaidia. Tukishatandaza mashuka kwenye kamba tunapita nyuma yake, tunageuza beseni mbili, tunakaa. Pale ndipo uliponichekesha. Pale ndipo uliponiambia ulivyoogopa wakati kile kiwanda cha rangi ulichofanyia kazi kule Baba Dogo kilipopunguza wafanyakazi, jambo ambalo mbele ya Gathogo ulilieleza kifua mbele, eti wewe mwenyewe ulikuwa umechoka na kazi yao. Na pale ndipo safari yetu ilipozaliwa.

Aliyeianzisha ni Mama Atieno, jirani yetu wa mlango wa pili, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano. Alituambia kwamba kaka yake Ouma ana boti ya tanga kule ziwani. Zamani alikuwa mvuvi, siku hizi anazungusha wageni kutoka kisiwa hadi kisiwa, polepole, na upepo ukikataa wanalala walipo. Wewe ndiye uliyelishika neno hilo. Ulisema maishani mwako hujawahi kwenda mahali bila haraka. Nikafikiri, nikaona ni kweli. Watu wa hapa kwetu tunasafiri kwa sababu mbili, ama kuna maziko ama ni Krismasi, na zote mbili mtu anarudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Nikatoa chaki yangu ya fundi kwenye aproni nikachora ziwa juu ya saruji. Hapa Mbita, hapa Rusinga, pale Takawiri, kule Mfangano. Mvua ikifuta, Jumapili inayofuata tunachora upya, na kila tukichora upya safari inazidi kuwa ndefu. Ulitaka tulale Takawiri siku kadhaa kwa sababu Mama Atieno alikusifia mchanga wake mweupe. Mimi nilitaka tukae Mfangano mpaka tuchoke na Mfangano. Uliuliza kama boti ina choo, na lilikuwa swali la maana. Ukauliza pia ni nani atakayekuokoa ukianguka majini, kwa kuwa wewe ni mtu wa mlimani na hujui kuogelea hata ndani ya karai. Nikakwambia utavaa jaketi la kuelea mpaka usingizini.

Ouma mwenyewe tulimpigia kutoka pale paani. Alitueleza kuwa asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kusukuma boti kwenda majini, alasiri hugeuka na kuirudisha, kwa hivyo mtu hana haja ya kupigana na chochote. Tulikubaliana siku kumi. Kila mtu mkoba mmoja. Redio yako ibaki nyumbani. Sijawahi kukuona na furaha ya namna ile, na mimi nilifurahi mpaka nikajishonea kofia ya jua.

Halafu Jumapili moja tukaenda kula kwa Gathogo, Tassia. Baada ya chakula ulisimama, ukafuta mdomo, ukasema una tangazo. Nilidhani ni habari za mkutano wa ukoo. Ukasema wewe na Mama Wambui mnaenda kutembea visiwani, na kwa kuwa familia ni moja, yeyote anayetaka kuungana nanyi anakaribishwa. Nilikuangalia. Wewe hukuniangalia.

Kabla hatujafika nyumbani, kundi hili lilikuwa limefunguliwa. Kabla hatujalala lilikuwa na mwenyekiti, naye ni Gathogo, na katibu, na mweka hazina, na mtu wa nidhamu, na mtu wa maombi. Kijana wa Gathogo akaandika, "Niaje fam, form ya tishati ni gani? Lazima tutoke na rangi moja." Wakabishana kuhusu rangi wiki nzima. Na mimi, niliyeyachora maji hayo kwa chaki yangu, nikateuliwa kwenye kamati ya chapati.

Boti ya Ouma haingetosha hata kamati, sembuse ukoo. Ikasemwa itafutwe ya injini. Halafu mtu akasema siku kumi ni za watu wasio na kazi, zikawa tatu. Mwingine akauliza visiwa vyote hivyo ni vya nini, kwani maji si ni yale yale, kikabaki kisiwa kimoja. Halafu ikagundulika kwamba nusu ya familia inaogopa maji. Katika kila mkutano wewe uliketi pale mbele ukitikisa kichwa kukubali, kama mgeni anayepangiwa safari ya watu wengine. Mwishowe tukakodi basi tukaenda Kangema kwenu, tukachinja mbuzi, tukapigwa picha tukiwa na tishati za bluu zilizoandikwa "Safari ya Visiwani". Yangu ninayo. Naitumia kupangusia cherehani.

Najua mnaosoma mnafikiri hiyo ndiyo hasira yangu. Sina ugomvi na mbuzi, alikuwa mtamu. Hasira yangu inatoka kwa jambo ambalo hamkulisikia, kwa sababu lilisemwa juu ya paa.

Jumapili iliyofuata tangazo lako nilikuuliza kwa nini ulitangaza. Ulikuwa umeshika ncha moja ya shuka, mimi nimeshika nyingine, tunalikamua. Hukukasirika. Ulisema kwa sauti ya chini kabisa, "Siku kumi, mimi na wewe, katikati ya maji. Tutaongea nini?"

Nilibeba beseni nikashuka nalo, nguo zikiwa bado mbichi ndani. Ngazi zote zile nilikuwa nikijiambia kwamba hukumaanisha. Lakini nakujua. Ulimaanisha.

Jibu lilinijia baadaye, wewe ukiwa umeshaondoka, na hilo limenizidishia hasira. Kabla Wambui hajazaliwa, siku magari yalipogoma, ulitoka kazini ukatembea mpaka kule viwandani nilikokuwa nikishona, ukanichukua tukarudi kwa miguu. Njiani ulinisimulia habari za mama yako, namna alivyokuwa akiwagawia chakula na kusema yeye ameshakula, na ulivyokuja kugundua ukiwa mkubwa kwamba hakuwa amekula. Mimi nilikusimulia mambo ambayo hata dada yangu hayajui. Tuliongea mpaka tukapita geti letu bila kuliona, tukashtuka tuko Baba Dogo. Ulidai ni miguu yako iliyozoea kwenda kazini. Tulirudi tukicheka kama walevi. Watu wasio na la kuambiana hawalipiti geti lao, Baba Wambui. Ulikuwa na ya kusema. Uliyapeleka wapi?

Na kuna hili la mwisho, ambalo silimezi. Yule mpwa wetu wa mwisho alipopata chumba chake akahama, nilipanga sahani mbili mezani. Nilizipanga nikazitazama, nikaona aibu kidogo kama bibi harusi. Wewe ulikula upesi, ukaniambia kahawa ya Kangema inahitaji mtu wa kuisimamia. Kahawa hiyo imejisimamia tangu baba yako afariki. Kabla ya mwezi kwisha ukawa umefunga begi. Nyumba yetu ilipobaki ya watu wawili kwa mara ya kwanza, ndipo ulipoikimbia.

Inaniuma. Nimelia nikikanyaga cherehani, mteja akaniuliza kuna nini, nikasingizia vumbi la kitambaa. Miaka yote nilidhani nyumba inajaa kwa sababu una roho nzuri. Roho nzuri unayo, sikunyimi. Lakini sasa naona pia ulikuwa umejizungushia watu ili usibaki nami, na watu walipoisha Huruma ukawafuata mlimani. Kama unaogopa kwamba tukibaki wawili nitakuona vizuri, nilishakuona siku nyingi. Mimi ndiye ninayekufulia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Shule zimefunguka, sare zote zimechukuliwa, na mimi nina nafasi. Nimempigia Ouma. Safari ni ile ile tuliyoipanga: Mbita, Rusinga, Takawiri, Mfangano, siku kumi, na upepo ukikataa tunalala tulipo. Wambui alitaka anisindikize, akaniambia, "Mathe, huwezi enda pekee yako huko, watu watasema." Nikamwambia waache waseme, wamezoea. Ouma aliniuliza tutakuwa wangapi. Nikamjibu kwamba mmoja ni hakika, na wa pili sijamaliza kugombana naye. Alicheka, akasema nafasi ataiacha, ila Jumapili atatoka na upepo wa asubuhi, kwa kuwa huo hausubiri mtu.

Kwa kamati: nawashukuru kwa moyo wenu. Hakuna mchango, hakuna mkutano, hakuna tishati. Mwanamume yeyote anayetaka kuviona visiwa ampeleke mke wake.

Shemeji Gathogo, kama ni wewe unayesoma kwa sauti, kazi yako imeishia hapa. Mpe mwenyewe simu. Miwani yake imo kwenye mfuko wa ndani wa koti la kijivu, niliitia mwenyewe siku anaondoka. Kisha uwaombe wenzako mtoke nje kidogo. Najua mtaisoma baadaye kwenye simu zenu, siwezi kuwazuia, lakini mpeni nafasi aimalize peke yake.

Baba Wambui. Bado nina hasira, usidhani imeisha. Lakini nimekukumbuka mpaka najiudhi. Nawasha redio yako asubuhi ili nyumba iwe na mtu.

Jumamosi nitalala Mbita. Njoo, na uje peke yako. Usimuage mtu, usimwambie hata mbwa. Kama hutakuwa na la kuniambia, usilitafute. Utakaa upande wako wa boti, nami nitakaa upande wangu, na tutanyamaza siku zote kumi kama ndivyo itakavyokuwa. Nimezisikia sauti za jamaa zako wote. Kimya chako sijawahi kupewa nikiwa peke yangu, na hicho ndicho ninachokitaka.

Usipokuja, nitapanda boti niende. Nitakuwa nimepata jibu, na sitakuuliza tena.

Mkeo,
Mama Wambui