Nyumba Kumi na Moja za Mchezo wa Tatu

Kyoto, 8 Aprili 2022

Mjomba Tatsuzo,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu baada ya baridi ile, na kwamba unakula kitu zaidi ya wali na kachumbari. Mimi mzima. Maua ya micheri yameshamwagika yote mtoni.

Nina jambo la kazi. Safari za Mirune, magemu yetu ya video, zinatimiza miaka thelathini na tano, na kampuni imetupa sisi wanane kazi ya kutoa kitabu kitakachopanga michezo yote tisa kwa mfuatano wa miaka. Unajua wachezaji walivyogombana juu ya hilo tangu nikiwa shuleni. Mchoro wa mfuatano huo nimeuweka humu ndani ya bahasha. Utaona mchezo wa tatu, uliouandika wewe, umewekwa pembeni, kwenye kisanduku cha "Ndoto". Sababu ni lile jiwe la kijiji kilichozama. Limeandikwa mwaka wa 12, na mchezo wa kwanza unasema watu walifika Mirune mwaka wa 100. Basi hakikuwepo kijiji, shujaa aliota.

Tunaomba upige muhuri chini ya mchoro kabla mwezi haujaisha. Ni heshima tu kwa waandishi wa zamani.

Mpwa wako,
Chihaya

Takayama, 15 Aprili

Mwanangu Chihaya,

Marahaba. Magoti yananitii siku moja, yanagoma siku mbili. Samaki ninakula pia, usinitangaze.

Sasa nikueleze polepole, maana naona kamati nzima haina mtu aliyewahi kubana maandishi ndani ya kaseti ya gemu. Mwaka 1991 kaseti nzima ilikuwa na nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Kila herufi tuliigombania. Wiki ya mwisho zilibaki nafasi mbili, nami nilitaka kuandika 312. Nikaacha tatu ya mbele, kama mtu anavyosema alizaliwa mwaka wa hamsini na nne, na hakuna anayedhani alizaliwa zama za Warumi. Watu wanane mmekaa mwaka mzima mkalisoma jiwe hilo, na hakuna aliyenyanyua simu kuniuliza.

Andikeni 312. Hadi hapo, muhuri wangu hautoki kwenye droo.

Mjomba wako,
Tatsuzo

Kyoto, 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo tena. Habari za mvua huko? Nimekutumia majani ya chai mapya. Usiyachemshe kama dawa.

Nilimsomea barua yako Bwana Hatanaka, mkuu wa idara. Alicheka kwa upole, akasema mzee ana hoja, ila mchezo wa kumi umeshajengwa juu ya mchoro huo na hauwezi kubomolewa kwa sababu ya tarakimu moja. Anakupa ukurasa mzima wa mahojiano, pamoja na picha yako. Nami nakuomba kama mwanao, kwa sababu nikirudi bila muhuri nitaonekana siwezi hata kuongea na mjomba wangu. Ni gemu tu, Mjomba. Watoto hawajali.

Mpwa wako,
Chihaya

Takayama, 10 Mei

Chihaya,

Chai nimeipokea, nzuri. Afya ipo.

Picha yangu sitaki. Umesema ni gemu tu, kwa hiyo nikuambie jambo ambalo mama yako hakukuambia, maana hakupenda kulizungumza. Kijiji kile sikukitunga. Mwaka 1963 serikali ilijenga bwawa, na bonde letu likafunikwa na maji. Zilikuwa nyumba kumi na moja. Ingia kwenye mchezo, uzihesabu. Kila mlango una jina, na majina hayo ndiyo tuliyoitana nayo: Kwa Fundi Mapipa, Juu ya Mteremko, Kwenye Kisima. Ramani zote mpya zinaonyesha ziwa. Mahali pekee duniani mtu anapoweza kutembea toka mlango wetu hadi kisimani ni ndani ya kaseti ile.

Mama yako alicheza mara moja tu. Alifika mbele ya nyumba yetu, akakaa saa nzima bila kubonyeza kitu. Kisha akaniambia, "Kaka, mti wa mpersimoni umeuweka upande usio wake." Kijiji hakukitaja tena hadi anakufa.

Waliotuhamisha walituletea karatasi ya kukubali kuondoka, na baba aliipiga muhuri kwa sababu kila mtu alikuwa amepiga. Mimi sipigi. Mwambie Hatanaka hivyohivyo, bila kulainisha.

Mjomba wako,
Tatsuzo

Takayama, 20 Juni

Chihaya,

Hujambo? Ni wiki sita sasa. Kama umekasirika, kasirika ukiwa umekula. Siombi radhi, nauliza hali tu.

Mjomba wako

Kyoto, 3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe ukimya, nilitaka kukuandikia nikiwa na la kusema.

Niliwasha mchezo. Nilitembelea milango yote kumi na moja. Wiki iliyofuata faili la kitabu likazungushwa ofisini. Unazijua taratibu zetu: hakuna anayesema hapana, kila mtu anapiga muhuri wake akiuinamisha kidogo kuelekea wa mkubwa, kama anasujudu. Mihuri saba ilikuwa imeshainama. Mimi nikaupiga wangu kichwa chini miguu juu.

Bwana Hatanaka aliitazama karatasi, akauliza kama naumwa.

"Siumwi, Mkuu," nikamwambia. "Nyumba hizo hazikuotwa. Mama yangu alizaliwa katika mojawapo."

Karatasi ikaandikwa upya, mtu mwingine akapiga badala yangu, na kitabu kinatoka Septemba kikiwa na kisanduku kilekile. Nami nimeshushwa ghorofa ya pili, kitengo cha kujibu barua za wachezaji, mezani peke yangu. Walidhani ni adhabu.

Tangu watangaze mchoro, barua zilizokuja kuuliza juu ya mchezo wa tatu ni mia mbili na sita. Kila jibu linatoka kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na hakuna anayelikagua. Nimeshajibu arobaini: kijiji kilikuwepo, mwaka wa 312, na waliokaa humo walikuwa hawa. Lakini mimi nayajua majina ya milango tu, sijui waliolala ndani. Kwa hiyo nimekutumia boksi lenye barua zilizobaki, karatasi za nembo na stempu. Maisha yako yote umependa kueleza, Mjomba. Eleza.

Mpwa wako,
Chihaya