Mume Wangu Hakuvuka

Ijumaa, 9 Oktoba 1812

Mvua tangu asubuhi. Wanamgambo wamejaa kijiji kizima, wamekanyaga maboga yangu yote. Kaka yangu Jotham kaja kula na bunduki begani – hata mezani haiweki chini! Yeye na mume wangu Asahel wako kikosi kimoja, lakini ukiwasikia utadhani maadui. Jotham anasema wiki hii tunavuka Mto Niagara, tunawatoa Waingereza, na ng'ambo kuna ardhi nyeusi ya kumtosha kila mwenye jembe. Asahel akasema ardhi ile ina wenyewe. Tena kuna sheria: mgambo wa New York analinda New York, halazimishwi kwenda kuteka nchi ya watu eti kwa sababu Rais kataka vita.

"Shemeji, wewe sema tu unaogopa maji."

Asahel akacheka. Na mimi. Sasa najiuliza tulicheka nini.

Jumapili, 11 Oktoba

Ibada hakuna. Kanisa limegeuzwa ghala la baruti. Tukiwa zizini tunakamua, Asahel kaniambia: hatavuka. Nikauliza, na Jotham je? Jotham ni mtu mzima, akasema. Nikaendelea kukamua.

Jumanne, 13 Oktoba

Mizinga kabla ya jua. Nilikimbia hadi ukingoni na wanawake wengine. Jotham alipanda mashua za mwanzo – nilimwona, ananipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Watu wetu wakakishika kilima cha ng'ambo. Tulivyoshangilia!

Mchana mashua zikarudi na majeruhi. Damu imetuama ndani ya mashua, inachezacheza na maji. Ofisa mmoja kaja juu ya farasi, kaomba, katukana, kaomba tena: pandeni, wenzenu wanakwisha kule! Hakuna aliyepanda. Mamia ya wanaume, bunduki mikononi. Mashua zikabaki tupu, zinagongana.

Asahel alikuwa mbele kabisa. Anawaeleza wenzake sheria, kwa sauti. Nikamwendea, nikamshika mkono. "Kaka yangu yuko kule, Asahel."

"Najua."

Uso mweupe kama unga. Hakusogea.

Jioni milio ikakoma. Kilimani bendera ya Waingereza.

Jumatano, 14 Oktoba

Habari hakuna. Jirani yangu Lovisa, ambaye mumewe kaletwa bila mguu, kanikuta kisimani. "Vipi, Tryphena, buti za mumeo zimeshakauka? Au hata hazikulowa?"

Wanawake wote wakaniangalia. Nikarudi na ndoo tupu.

Asahel hajala. Mimi sikumpikia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Yuko hai! Pande zote zimekubali kusimamisha vita kwa siku chache, na daktari wetu kachukua wanawake wawili wa kumsaidia kufunga vidonda. Nimevuka naye. Jotham nimemkuta mateka ghalani mwa Waingereza, kalazwa juu ya majani makavu, risasi imempasua paja. Macho yameingia ndani. Akanishika kidole, hakukiachia.

Anasema kule kilimani walikuwa wanapigana huku wakigeuka kutazama mtoni. Mashua zinakuja? Zinakuja? Kisha akaniuliza:

"Shemeji alikuwa mashua gani?"

Nikasema kuna moja ilipigwa ikazama, naye alikuwamo. Kwamba aliogelea, akarudi. Mungu anisamehe – ulimi ulinitangulia!

Jotham akalia. "Nilijua atakuja," akasema. "Niliwaambia wenzangu, yule hupiga domo tu, lakini atakuja."

Jumatatu, 19 Oktoba

Waingereza wanawaachia majeruhi wa mgambo, waape tu hawatashika silaha tena. Jotham analetwa leo. Kwetu – hana mke, hana kwingine.

Jana baada ya chakula nilimwambia Asahel nilichosema ghalani. Akaweka kijiko chini.

"Umenifanya mwongo kwa mtu ambaye sijawahi kumdanganya."

"Nimekufanya mwanamume," nikasema. Neno likishatoka limetoka. Ningeweza ningelimeza.

Alikaa akiutazama moto hadi ukafifia. "Sheria ni ileile, Tryphena," akasema. "Lakini nilimwona akikupungia mkono. Kila nikifumba macho namwona."

Asubuhi kafunga farasi kwenye mkokoteni, kenda mtoni kumpokea. Kabla hajaondoka nikamuuliza, utamwambia nini? Akakaza mikanda ya farasi. Nikamwomba: mwache apone kwanza. Akapanda, akaondoka.

Naandika dirishani, supu ya kuku iko motoni. Wanakuja! Mkokoteni umenasa kwenye tope, wameuacha pale chini. Asahel kambeba Jotham mgongoni. Anapanda, anapumzika, anapanda. Jotham kalaza kichwa begani kwake, anazungumza – naona mdomo unacheza. Hata anacheka! Anampigapiga Asahel kifuani, kama mtu anayeshukuru.

Asahel kasimama. Anamshusha taratibu kwenye ukuta wa mawe, mguu ule anaunyoosha kwa mikono miwili. Sasa kapiga magoti mbele yake, kwenye tope. Jotham bado anacheka. Asahel anamtazama usoni, anafungua mdomo –