Noti Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya kwanza na okestra nzima. Siku kumi na mbili zimebaki kabla ya onyesho. Sehemu ya kwanza — fujo tupu, wapiga fidla wanakimbia kama wanafukuzwa. Lakini ya pili! Piano inaanza peke yake, napiga mwenyewe ule wimbo wangu mdogo, halafu nyuzi zinaingia polepole chini yake. Ukumbi ukatulia. Kijiti — kiongozi wa okestra, tumembandika jina kwa ile fimbo asiyoiachia hata akinywa chai — akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia ulinijia bafuni mwaka jana, mzima mzima, nikatoka na sabuni masikioni kuuandika. Tukacheka. Miaka saba sijatunga kitu nisichokionea haya. Hiki sikionei haya.

Jumatano, 5 Machi
Mke wa Mwalimu kapiga simu. Kitanda cha Mwalimu kinahamia chumba cha piano, maana tangu apate kiharusi ngazi hapandi tena. Makaratasi yake ya muziki nikayachukue kabla mchwa hawajayamaliza. Nimekwenda. Mwalimu alikuwa amelala. Sanduku moja, zito hadi mgongo unauma. Mwandiko ule ule wa penseli, noti zimesimama wima kama askari. Nilianza piano kwake nikiwa na miaka tisa.

Alhamisi, 6 Machi
Karatasi ya chini kabisa ya sanduku. Ina tarehe — mwaka niliokuwa na miaka kumi. Wimbo wangu. Ni WIMBO WANGU! Noti kumi na tisa. Nimezihesabu mara tatu. Kumi na nane ni zile zile. Ya mwisho tu: yangu inapanda, yake inashuka.
Sikuiba. Naapa sikuiba. Lakini sasa nakumbuka — au najidanganya? — niko mlangoni navua viatu, naye ndani anapiga kitu taratibu, anaacha nikiingia. Basi bafuni hakuna kilichonijia. Kilirudi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwonyesha mume wangu. Hajui noti hata moja. Akaigeuzageuza karatasi kama ramani. Akauliza nani mwingine kaiona. Hakuna. Akasema basi. Basi nini? Basi tu, tule. Nimemkasirikia hadi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kinachonichoma: nilishawaza hivyo hivyo kabla yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimejaribu kuandika wimbo mwingine badala yake. Saa sita. Takataka. Sehemu yote ya pili imejengwa juu ya noti zile. Ukizitoa, dari linashuka.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda kukiri. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Kunijua kanijua — macho yalicheka. Maneno ndiyo hayatoki. Anaanza moja, linakwama. Mke wake alikuwa anakunja mashuka. Nikaona kusema kutanishinda. Nikafungua piano, nikapiga noti zote kumi na tisa, na mwisho wangu.
Mama akaacha shuka. "Mwanangu, huo umeutoa wapi?"
"Kwake."
Akakaa kitandani. Akanieleza: Mwalimu aliupeleka kwenye mashindano, wakamrudishia na barua ya mistari miwili. Tangu siku ile hakutunga tena. Akafundisha watoto wa watu tu.
Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa. Mkono wa kushoto ukainuka, ukaonyesha piano. "Si…" Akavuta pumzi. "Si…" Jasho likamtoka. Nikapiga magoti mbele yake. Si yako? Si yangu? Si hivyo, noti ya mwisho inashuka, mtoto we? Nikamtajia zote, moja moja. Akafumba macho. Mama akasema kachoka, nimwache.
Sijui. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani na bado sijui.

Jumatano, 12 Machi
Nimemvuta Kijiti pembeni wakati wa mapumziko, nikamweleza kuhusu ile karatasi na noti zake: nataka jina la Mwalimu liandikwe pamoja na langu. Uso ukambadilika. Programu zimeshachapwa, waandishi wa habari wamealikwa, na yeye ndiye aliyenipigania kwa wakubwa wa ukumbi. "Dada, ukisema kumi na nane si zako, kesho watauliza zilizobaki ni za nani."
Nikamwambia basi nitasema mwenyewe jukwaani, kabla ya kupiga.
"Ukifungua mdomo pale, mimi siinui fimbo."
Halafu akawaita watu warudi, tukapiga sehemu ya pili. Nimekosea mara nne.

Jumamosi, 15 Machi
Chumba cha kubadilishia nguo. Saa kumi na mbili kasorobo. Nimeandika sentensi tatu kwenye karatasi. Jina lake kamili limo. Mwaka umo. Kijiti kapita bila kunitazama, fimbo kwapani.
Mke wa Mwalimu kaja. Wamefika — kamvalisha koti, kiti cha magurudumu kimewekwa mwisho wa safu ya tatu. Nikampa karatasi. Akaisoma amesimama.
"Usimtaje."
Nilidhani nimesikia vibaya.
"Miaka yote hiyo hakuna aliyemwangalia. Leo ukimtaja watageuka wote wamkodolee macho, na mate yanamtoka, na asante hawezi kusema. Mwache ausikie tu."
"Kasema yeye, Mama?"
Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Nasema mimi, ninayemvalisha."
Kaondoka.
Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: aliposema usimtaje, moyo wangu uliruka kwa furaha. Furaha! Kabla sijamhurumia Mwalimu, kabla ya chochote. Sasa nikinyamaza, nitajuaje nanyamaza kwa ajili ya nani?
Kengele ya kwanza. Nimefungua mlango kidogo, namwona. Hatazami watu. Anatazama piano, imefunguliwa, hakuna aliyeikalia. Wapiga fidla wanakaza nyuzi.
Kengele ya pili. Kijiti anagonga — twende, dada. Nimesimama. Gauni hili halina mfuko. Karatasi bado iko mkononi —