Githeri Iliyochemshwa Mara Mbili

Niaje Mwende,

Huku Kibera ni matope tu, na leo kazi ya maabara imenimaliza. Wateja wa Mama Achieng, muuza githeri wa hapa mtaani Sarang'ombe, wametapika vibaya. Nilipima usaha wa jipu la kidole chake na githeri yake iliyolala, mahindi kwa maharagwe: kote kumeota bakteria ileile ya rangi ya dhahabu, na nilipoitia kwenye plazima, yale maji ya damu, plazima ikaganda. Ni stafilokokasi, bakteria ya majipu.

"Lakini niliichemsha tena asubuhi!" Mama Achieng akalalamika.

Nikamwambia moto unaua bakteria, lakini sumu iliyokwisha kuitoa chakulani usiku inabaki.

Akakitazama kidole. "Sasa nitapika na mkono gani?"

Dada, kile kidonda chako cha kisu kikipona ndio urudi jikoni. Kwa sasa shemeji apike, hata akiunguza.

Kakako, Mutua