Nia ya Misa ya Tarehe Kumi na Saba

Kimironko, Kigali
28 Julai 2024

Mpendwa Mwalimu Mugenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, mama watoto na wote wa hapo Ngara. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa macho. Binti yangu Ikirezi ananitunza vizuri tangu aliponileta huku Januari, ingawa amenikataza chumvi na pikipiki. Ujumbe wako wa heri ya sikukuu ya somo, mtakatifu wa jina langu, niliupata. Umenitumia kila Julai kwa miaka arobaini, na safari hii nilishindwa kukujibu kwa simu. Ndiyo maana naandika.

Tarehe kumi na saba nilikwenda misa ya asubuhi. Padre hakumtaja Mtakatifu Aleksi. Unajua kalenda ilimwondoa zamani, tukabaki wachache tunaoikumbuka siku yake. Lakini ziliposomwa nia za misa, nilisikia: marehemu Alexis Bayingana, anaombewa na dada yake. Watu waliokaa kando yangu wakaitikia. Nami niliitikia, ndugu yangu. Mdomo ulinitangulia.

Baada ya misa nilimwendea Shema, karani wa parokia, nikamwambia jina hilo ni langu. Alicheka sana, akasema, “Muzee, ushakufa halafu unakuja kuuliza?” Kisha akanieleza kwamba nia hiyo ililetwa na bibi mmoja wa Kinyinya, Mukagasana. Makarani wote wanamjua: kila mwaka anakwenda parokia nyingine, jina ni hilohilo na tarehe ni hiyohiyo.

Nilipanda pikipiki bila ruhusa ya Ikirezi. Nyumba ya bibi huyo imebanwa na maghorofa mawili yanayojengwa, na nilipofika langoni nyundo zilikuwa zimenyamaza zote. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na sahani mbili, moja imefunikwa kitambaa cheupe. Mukagasana aliniangalia kama mtu aliyetumwa maji akakawia njiani. Alisema nimechelewa, chakula kimepoa, akafunua maharage. Sikumwambia mimi ni nani, na hakuuliza. Nilikaa nikala.

Aliniuliza kama misa zake zinanifikia. Nikasema zinafika. Akauliza kama kufa kuliniuma. Jibu nilikuwa nalo, maana nilikuwapo. Nikamwambia ilikuwa homa, siku ya pili ndani ya mafunjo ya mto Kagera. Niliomba maji, nikapewa, nikalala. Nilizungumza kwa kinywa cha maiti, Mugenzi, na kila neno lilikuwa kweli.

Sasa ujue. Alexis Bayingana alikufa mwaka wa sitini na moja, akiwa na miaka kumi na mitatu. Mimi ni Rwema, mtoto wa jirani aliyekimbia naye. Kwetu hatukuwa Wakristo. Shule ya misheni upande wa pili wa mto ilipokea kwanza watoto wenye cheti cha ubatizo, na chake kilikuwa shingoni mwake, kimeshonewa ndani ya kitambaa. Nilikikata kabla hajapoa. Sijabatizwa hata leo. Nimekomunika, nimefunga ndoa mbele ya altare, nimefundisha katekisimu pamoja nawe, vyote kwa maji yaliyomwagwa juu ya kichwa cha mwingine. Unakumbuka watoto walivyotuuliza kwa nini Mtakatifu Aleksi, aliporudi kwao, aliishi chini ya ngazi za baba yake bila kumwambia mama yake mwenyewe neno? Niliwajibu kwamba ni unyenyekevu. Leo ningewajibu kwamba ni woga.

Nilipomaliza kula, Mukagasana aliuliza, “Na Rwema, yeye alivuka?”

Nikasema, “Alivuka. Ndiye huyu.”

Hakushtuka. Alisema kaka yake hakuwahi kula maharage tangu utotoni. Hata kwa kuchapwa hakuyala. Miaka kumi na tisa iliyopita mtu aliyerudi kutoka Ngara alimtajia mwalimu wa huko anayeitwa Alexis Bayingana. Hapo alijua kwamba kaka yake amekufa, kwa sababu angekuwa hai angerudi, na kwamba kuna mtu anatembea na jina lake. “Marehemu haitiki akisomwa kanisani,” alisema. “Nilikuwa namwita aliye hai.” Kila mwaka alipika maharage, akamsubiri atakayeyala.

Nilimwomba msamaha. Alisema hayo ni kati yangu na Alexis. Yeye alitaka nimwonyeshe mahali nilipomwacha, na jina nimrudishie. Vyote viwili nimekubali. Jana mjukuu wake Trinah alituendesha hadi mtoni. Mafunjo yamesogea, lakini kilima nilikitambua. Bibi aliliita jina mara tatu kuelekea majini, akasikiliza, kisha akaniambia twende.

Paroko atanibatiza Agosti kumi na tano. Nahitaji msimamizi, na sina mwingine wa kumwomba ila wewe niliyekudanganya. Ukikubali, njoo na jina la somo ulilonichagulia. Mimi sithubutu tena kuchagua. Usiponijibu, nitaelewa. Ila Julai ijayo usinitumie heri. Siku ile ni ya mtoto aliyebaki kwenye mafunjo.

Nisalimie mama watoto, na wanafunzi wetu wa zamani utakaokutana nao. Ikirezi anakusalimu, jana usiku nilimweleza yote, na hajaniita baba tangu hapo, lakini asubuhi aliniletea chai.

Wako,
Rwema