Mbwa wa Nyumba Kumi

Kijiji kipya, Serengeti
Baada ya mavuno ya mtama

Mama yangu mpendwa wa Turwa,

Shikamoo mama. Nimepiga goti hapa hapa nilipo, na wifi Ghati anayekusomea ni shahidi wangu kwamba nimeandika hivyo. Mgongo unaendeleaje? Na lile jino? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa? Sisi huku tu wazima. Mkwe wako Marwa ni mzima, na mjukuu wako Wankuru ameota meno mawili, anayajaribu kwangu kila anaponyonya.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la pamba. Mama, nilicheka mpaka nikakaa chini. Umeuliza habari za mbwa kabla ya habari za mkwe! Marwa alikuwa anasikiliza, akasema, "Sawa, sasa najua nafasi yangu." Basi wacha nianze na huyo mbwa, maana mambo yetu yote ya mwaka huu yamepitia kwake.

Unakumbuka siku ulipomkabidhi Watasema kwangu, nilipokuwa nafunga mzigo. Jina hilo sote tunajua ulimwekea nani. Kila ulipomwita jioni, Mama Gati ng'ambo ya ua alisikia, akabamiza mlango. Nami nikaja na jina hilo huku bila kufikiri. Kwenye boma letu la kwanza halikuwa na shida, kwa kuwa jirani wa karibu alikaa ng'ambo ya mto. Halafu ikaja operesheni ya vijiji, sote tukatakiwa tukae pamoja kijijini.

Sitakuficha, ilikuwa ngumu. Siku ile niliona dunia imefika mwisho. Paa tuliliezua wenyewe ili ile miti tuijengee tena huku. Lori lilibeba watu, mitungi, kuku na mawe ya kusagia, lakini mbwa hawakupandishwa. Walitufuata mbio kwenye vumbi mpaka wakachoka. Wengine walifika kesho yake, wengine wakarudi walikotoka. Marwa alikwenda kumtafuta Watasema, akaniambia bonde lote lilikuwa kimya, kuta zimesimama bila paa, na karibu kila lango lina mbwa amelala analinda majivu. Watasema alimwonyesha meno kwanza. Alipomtambua akalia kama mtu. Marwa akambeba mabegani mpaka huku, na mgongo wake hajaacha kuulalamikia mpaka leo.

Huku nyumba zimepangwa kwa mistari. Nikipiga chafya, jirani ananipa pole akiwa kitandani kwake. Tumechanganyika, Wakurya, Waikoma na Wajaluo wa ziwani, na kila kabila limekuja na mbwa wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbwa nao wana makabila. Wa kwetu ni hawa wa zizi, vichwa vikubwa, masikio yamekatwa, kazi yao kulala langoni na kufuata nyayo za ng'ombe walioibiwa. Waikoma wana mbwa wa njuga, wembamba, miguu mirefu, hawabweki kabisa. Wanavalishwa njuga shingoni ili mwindaji ajue wako wapi. Wajaluo wana vijimbwa vifupi vya mkia wa kujikunja, vinavyokaa kando ya jamvi la samaki au nafaka, na kuku akisogea anajuta. Sisi tuliviita mbwa wa ungo, na tulisema hivyo kwa dharau.

Sasa fikiria, mama. Mazizi yamebaki kule, uwindaji umekatazwa, na majamvi yalikuwa matupu maana tulikuwa hatujavuna. Mbwa wote hao hawakuwa na kazi, wakaona afadhali wapigane. Usiku hatulali, mchana wanawake wanakwenda kisimani na fimbo.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mama Akinyi, mjane kutoka ziwani. Jioni ya kwanza nilipomwita Watasema, aliamini ninamsema yeye. Kesho yake kijimbwa chake nacho kikapewa jina, Nimesikia. Basi jua likizama mimi naita hivi, yeye anajibu vile, na mstari mzima unacheka. Mimi sikucheka. Nilijikuta nimebeba ugomvi wako na Mama Gati mpaka Serengeti, tena bila nauli.

Asubuhi moja moto wa Mama Akinyi ulizimika, akaja kwangu kuomba kaa. Watasema akamng'ata mguu, akamng'ata vizuri kabisa.

Na haikuwa kosa la mbwa. Wewe ulinifundisha kwamba mbwa wa boma asile mkononi mwa mtu mwingine, kwa sababu anayekula kwa jirani amemfungulia mwizi lango. Nililishika neno hilo. Nilifunga mlango kabla ya kumpa ugali, na Wakurya wote wa mstari wetu walifanya hivyo hivyo. Kule kwenye maboma ya mbali ilikuwa hekima. Huku, tunakokaa ubavu kwa ubavu, tulikuwa tumefuga mbwa ambao kwao kila jirani ni mwizi.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Ni mtu mzuri, ila anaipenda mno sauti yake. "Ndugu wananchi," akasema, "asiyefanya kazi na asile! Mbwa naye ni hivyo hivyo. Mwezi ukiisha atakuja askari wa wanyamapori na bunduki. Mbwa asiye na kazi na mbwa mng'ataji, wote wawili watapigwa." Watasema alikuwa na makosa yote mawili, tena alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana. Nililia mkutanoni mbele za watu, mama, wala sikuona aibu.

Nilikamata kuku nikaenda kwa Mama Akinyi kuomba radhi. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa kanga. Wala hakumtazama yule kuku.

"Kuku nitamla leo nimmalize," akasema. "Mbwa wako atakuwa hapa kila siku. Hanijui, kwa sababu hajawahi kula kwangu."

"Kwetu huo ni mwiko, mama."

"Na kwetu ni mwiko kung'atwa ukienda kuomba moto. Mlete."

Nikampeleka. Mama Akinyi akakanda ugali na kichwa cha samaki, akanyoosha mkono. Watasema akageuza uso akatazama ukuta. Mimi nikamnyima chakula nyumbani, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya tangu nije huku. Alinitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake. Aliposhindwa na njaa alikula, mkia chini, masikio nyuma, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Mama, niliona wivu! Nilisimama pale nikicheka na machozi yananitoka. Mama Akinyi akapangusa mkono akasema, "Haya, sasa ni mtoto wetu wote wawili."

Tangu hapo mambo yakaenda yenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mwikoma aliyekuwa mwindaji, aliona Watasema amelala kwenye kizingiti cha Mama Akinyi. Kesho yake alikuja na mbwa wake wawili wa njuga akaniambia, "Mura, hata mwanamke kama wewe naweza kumwita mura, kijana shujaa, leo. Walishe hawa." Ikawa kila mbwa wa nyumba kumi anazunguka milango yote, tonge hapa, tonge pale. Makelele yakapungua, na watu wakapata nafasi ya kufikiri kazi. Wa zizi tukawapa zizi la pamoja. Wa njuga wakapelekwa shamba la ujamaa. Nyani wakisikia zile njuga upande huu na upande ule wanadhani wawindaji wamerudi, wanakimbia. Na mtama ulipoanikwa, vile vijimbwa tulivyovidharau ndivyo vilivyouokoa. Nimesikia peke yake alifukuza mbuzi wa mwenyekiti. Nilimpigia makofi.

Askari alikuja kweli, bunduki begani, mwenyekiti mbele. Kwa kuwa sifa ya Watasema ilikuwa kubwa, walianza na mstari wetu. Nilikuwa kisimani, nikatupa ndoo nikakimbia. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa Mama Akinyi, tumbo limejaa, manyoya yamesimama, anawangurumia. Hakuwa analinda kwangu, mama. Alikuwa analinda kwa mama yule yule aliyemng'ata mguu.

"Ndiye huyu," mwenyekiti akasema. "Ni wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Akinyi alitoka akichechemea, akasimama mbele ya bunduki. "Wangu."

"Wangu," akasema balozi kutoka nyumba ya pili. Na mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa mstari. Mimi mwenye mbwa nikawa wa mwisho kusema.

Askari akashusha bunduki. "Mwenyekiti, mimi niliambiwa mbwa mzururaji asiye na mwenyewe. Huyu ana wenyewe kumi." Mwenyekiti akakohoa, kisha akatuhutubia kirefu juu ya umoja, na safari hii tulimpigia makofi kwa moyo. Siku hizi mistari mingine nayo inalishana mbwa.

Watasema alizaa salama, kwenye jiko la Mama Akinyi.

Nisalimie kaka Mwita fundi baiskeli pale Bomani, mwambie mkufu wa baiskeli ya Marwa umekatika tena. Msalimie mjomba anayetafuta dhahabu Nyakunguru, na shangazi mwenye kifua. Wewe wifi Ghati, asante kwa macho yako, na hapa usiruke kitu hata mama akikukatisha.

Mama, umeniandikia kwamba mbwa wako mkubwa alikufa, na kwamba ndama wako alipochukuliwa na wezi, Mama Gati alisikia akanyamaza, hakupiga yowe. Iliniuma sana. Unakaa peke yako na mimi niko mbali. Ndiyo maana shemeji Chacha anakuletea kikapu. Ndani yake yumo binti wa Watasema, mwenye doa jeupe kifuani. Tafadhali asiingie kwako kwanza. Mpeleke ng'ambo ya ua, Mama Gati amlishe kwa mkono wake, nawe usimame hapo uone, hata ukiona wivu. Mimi niliuona, na sikufa.

Jina sijampa. Mwombe Mama Gati ampe, ili jioni muweze kumwita wote wawili.

Ni mimi binti yako,
Robi, mama Wankuru